Neno "Kutu" na Miti Arobaini ya Mama Kavira

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mitatu. Chekeni kwanza, nitasubiri. Baba yangu naye alicheka, akaniuliza kama sasa nitaanza kupokea wageni nikiwa nimejifunika blanketi. Lakini sina neno jingine. Mtu huacha kazi akiwa na hasira, au akiwa na kazi nyingine mkononi. Mimi sikuwa na hasira wala kazi nyingine. Nilikuwa nimechoka tu, magoti na kichwa, na mkataba ulipofika mwisho sikuuliza kama kuna mwingine.

Ninyi wawili mliochukua eneo langu mmeniomba niwaandikie "mambo muhimu". Mlinitumia hata ukurasa wenye namba moja hadi kumi, nijaze. Sikujaza. Kwa miaka minane nimejaza fomu za chama cha wakulima wa kahawa, na sikumbuki fomu hata moja iliyookoa mti. Badala yake nitawasimulia jinsi neno langu moja la Kiswahili lilivyokaribia kumtoa mwanamke mmoja katika nyumba yake, na mengine yatakayonijia njiani.

Lazima kwanza mjue nilizungumza vipi na watu. Baba yangu, ambaye wote humwita Hajji, anasafirisha chumvi kwa lori kutoka Kabatoro hadi mpakani Mpondwe. Nyumbani kwetu Kasese tulizungumza Kiswahili, kwa sababu kila dereva na kila mteja alikuwa na lugha yake na hicho ndicho kilichobaki katikati. Lhukonzo changu, lugha ya wenyeji wa vilimani, ni cha sokoni: naweza kununua nyanya, siwezi kueleza ugonjwa. Kwa hiyo nilipotolewa ofisini baada ya miaka mitano na kupelekwa vilimani juu ya Bwera, nikiwa na shahada yangu na buti mpya, nilifundisha kwa Kiswahili na mwenyekiti wa kikundi akanitafsiria.

Mkutano wangu wa kwanza ulikuwa nje ya kanisa. Niliinua jani la kahawa lenye madoa ya njano, nikaligeuza watu waone unga wa rangi ya machungwa chini yake. Nikasema, "Kahawa yenu imeshikwa na kutu." Ndivyo vitabu vinavyouita ugonjwa huu, kutu ya majani, kwa sababu ya rangi ya ule unga. Mwenyekiti akatafsiri vizuri kabisa. Alitumia neno la kutu inayokula mabati na mapanga. Hakuna aliyeuliza swali. Kisha nikaongeza, "Na safisheni mapanga na misumeno yenu kabla ya kupogoa."

Hilo la mwisho nililitoa kwenye karatasi ya mafunzo. Mimi ambaye chuoni wahadhiri walinichoka kwa kuuliza "mnajuaje?", hapo sikuuliza. Kusafisha vifaa kunafaa kwa magonjwa mengine. Kutu ya kahawa ni kuvu, na kuvu hili husafiri kwa upepo na kwa matone ya mvua. Halina haja ya panga la mtu yeyote. Lakini karatasi ilikuwa na picha nzuri ya rangi, nami nikaisoma kama ilivyo.

Hamjanishangaa bado. Subirini.

Aliyenifundisha kazi hii hasa si mhadhiri. Ni mzee mmoja aliyetoka jeshini zamani akawa mpogoaji wa kahawa. Kila mtu vilimani anamwita Afande, na sikuwahi kusikia jina lake lingine. Siku ya kwanza nilishika msumeno nikaenda moja kwa moja kwenye tawi kavu. Akapiga kelele mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia.

"Wewe! Simama hapo! Nani alikuambia kata?"

"Tawi hili limekauka, Afande."

"Mti ni ya kuangalia kwanza, hapana ya kukata. Lala chini."

"Nilale?"

"Lala! Hapana cheza na mimi."

Nikalala chali chini ya mti, na buti zangu mpya, na ushungi wangu kwenye majani makavu. Akaniamuru nitazame kifua changu. "Hesabu madoa ya jua kwa shati." Nilihesabu mawili. Akasema mti wenye afya unamlaza mtu chini yake na kumwachia madoa ya jua kama chui. Mti uliofunga unamwachia giza na unyevu, na unyevu ndio kitanda cha ugonjwa. Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu upogoaji tangu siku hiyo. Bado nalala chini.

Baadaye, tukila mihogo, Afande aliniuliza swali lililonisumbua muda mrefu. Nilikuwa nimemweleza usanisinuru kwa fahari: kwamba jani linachukua mwanga, hewa na maji, linatengeneza sukari, na sukari hiyo ndiyo inayokuwa mzizi, tawi na tunda. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua jani lenye madoa, akalishika mbele ya jua.

"Sasa hii, nusu iko njano. Inapika nusu?"

Chuoni nilichora mchoro wa jani mara ishirini, pamoja na vitundu vyake vya kupumulia, na nilipata alama nzuri. Hakuna aliyeniuliza kama jani gonjwa ni mgonjwa au ni maiti. Nikamwambia sijui. Akaendelea kula mihogo yake.

Nisisahau habari ya simu, kwa sababu najua ninyi mnazipenda. Nilipoanza, mkulima alikuja na jani mfukoni, limekunjamana, lina harufu ya tumbaku. Siku hizi anatuma picha. Ni vizuri, miguu inapumzika. Lakini picha ni shahidi mwongo. Kuna njano ya njaa ya mbolea, kuna njano ya uzee, kuna njano ya kutu, na kwenye kioo kilichopasuka zote ni njano. Niliwahi kumwambia bwana mmoja kwa simu kwamba shamba lake limeshikwa vibaya, anyunyize dawa haraka. Nilipofika, nilikuta ni vumbi la matofali aliyokuwa akifyatua kando ya miti. Alikuwa ameshanyunyiza. Kwa hiyo msiangalie picha tu. Mwambieni mtu apitishe kidole upande wa chini wa jani. Unga wa machungwa ukibaki kidoleni, na upande wa juu hauna unga, hapo zungumzeni.

Na dawa ya shaba nayo ipigwe upande wa chini. Kuvu linaingilia huko, kupitia vile vitundu ambavyo jani linapumulia. Nimeona wanaume wakitembea kati ya mistari wakirusha dawa juu ya miti kama padri anayenyunyizia waumini maji ya baraka. Jani lililokwisha kuliwa halirudi kuwa kijani hata likiogeshwa shaba. Dawa inalinda lililobaki, basi.

Sasa Mama Kavira.

Yeye anatoka upande wa Beni, ng'ambo ya mpaka. Alivuka na watoto wanne wakati vijiji vyao vilipokuwa havilaliki. Hapa ana ndugu wa upande wa mama, Mzee Baluku, mwenye mashamba mengi kuliko nguvu za kuyalima. Mzee alimpa miti arobaini ya kahawa aitunze na nyumba ya udongo iliyosimama katikati yake. Walipatana hivi mbele ya watu: mavuno wanagawana nusu kwa nusu, na mti ukifa, mahali pake panarudi kwa Mzee. Hawakuandika kitu. Neno lilikuwa hilo, "mti ukifa". Miti yote ikifa, nyumba inarudi pia, na Mama Kavira na watoto wake wanatafuta pengine.

Alikuwa kwenye ule mkutano wangu wa kwanza. Alikaa mbele.

Shamba lake lipo juu sana, njia ni ya kupanda kwa mikono, na mimi nilikuwa na vikundi vingi. Nilimwona kanisani kwenye mikutano, akasema kahawa iko sawa, nami nikaandika kwenye fomu kwamba iko sawa. Misimu miwili ilipita hivyo. Hilo ni kosa langu la pili, na ndilo ninaloona aibu nalo zaidi. Neno linaweza kumteleza mtu yeyote. Kutopanda mlima niliamua mwenyewe.

Nilipopanda hatimaye, nilidhani nimepotea njia. Miti ilikuwa imeshikana kama msitu. Ndani kulikuwa na giza na ubaridi wa pango. Matawi ya nje yalikuwa na matunda mabichi mengi ajabu, na kati ya matunda majani machache tu. Mengine yalikuwa chini, zulia la njano na kahawia. Ncha za matawi zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi. Na Mama Kavira alikuwa amechuchumaa, akipalilia kwa kijiti alichokichonga ncha.

"Mama, jembe liko wapi?"

"Nilitosha jembe. Nilitosha na panga, na misumari ya lupango. Chuma yote iko kwa jirani."

Kwao kutosha ni kuondoa, na lupango ni ua. Nikatazama nyumba. Juu ya jiko, mahali pa mabati, kulikuwa na nyasi. Mabati ameyaondoa pia. Yalikuwa na kutu.

Nikacheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka tu. Akasimama polepole, mikono kiunoni.

"Unacheka nini, madamu? Weye njo ulisema. Ulisema kahawa imeshikwa na kutu. Kutu inatokaka ku chuma. Ukasema tusafishe panga. Mi nikajiuliza, juu ya nini nisafishe kitu yenye inaleta ugonjwa? Nikatosha yote. Hata mwaka huu mvua inatunyeshea mu jikoni, mi ninyamaze tu, nasema, afazali muti ipone."

Rudini kwenye maneno yangu muone kama kuna mahali amekosea. Nimejaribu mara nyingi. Alinisikiliza kuliko mtu yeyote kwenye mkutano ule, akafikiri hatua kwa hatua, akafika mahali ambapo maneno yangu yalikuwa yanampeleka. Kwa sababu hiyo hakupogoa misimu miwili. Kwa sababu hakupogoa, miti ilifunga, unyevu ukakaa, kuvu likashiba.

Nikamweleza yote upya. Kwamba kutu hii si ya chuma, ni jina tu. Kwamba inabidi tulete msumeno leo leo. Alinisikiliza, kisha akasema jambo ambalo ningependa mlibandike ukutani ofisini:

"Mara ya kwanza chuma ni mubaya. Leo chuma ni muzuri. Mara ya tatu utasema nini? Mi niko na miti makumi ine tu, madamu. Hakuna muti ya kujifunzia."

Ningekuwa mimi, ningeuliza hivyo hivyo. Nilikuwa sina haki ya kuaminiwa tena kwa mdomo. Ilibidi aone kwa macho yake.

Kuna jaribio la shule ya sekondari, labda mnalikumbuka. Jani linachemshwa, rangi ya kijani inatolewa kwa pombe kali, halafu linadondoshewa ayodini. Penye wanga, yaani chakula kilichopikwa na jani, panageuka rangi ya bluu nyeusi. Pasipo na chakula panabaki kahawia. Maabara ya shule ina spiriti safi. Mimi nilikuwa na Bwera.

Kwa hiyo nilikwenda kwa mama mmoja anayetengeneza waragi, pombe kali ya kienyeji, nyuma ya soko, nikaomba chupa ya ile ya kwanza kutoka, kali kabisa. Mimi, binti wa Hajji, na ushungi kichwani. Mama huyo alinitazama kwa huruma.

"Ni ya kwako, mwanangu?"

"Ni ya jani."

"Ee," akasema, akiifunga kwenye gazeti. "Wote husema ni ya kitu."

Nilifika Kasese mwisho wa juma. Habari ilikuwa imefika kabla yangu, imepanda lori la baba mwenyewe. Alikuwa ameketi barazani na tasbihi.

"Nasikia siku hizi unakunywa na miti," akasema.

Ilinichukua muda wa chai mbili kumweleza, na mpaka leo akitaka kunikera ananiuliza kama miti imelewa.

Tulifanya jaribio alasiri, kwa sababu asubuhi jani bado halijapika. Lipeni jua saa kadhaa kwanza. Afande alikuja pia, alidai ni kulinda waragi. Mama Kavira alichuma majani matatu mwenyewe, sikutaka aseme nimechagua. La kwanza zima, la nje, lenye kupata jua. La pili la nje pia, lenye madoa ya kutu. La tatu alilitoa ndani kabisa ya giza la mti: kijani, laini, halina doa hata moja.

Tukayachemsha kwa maji. Kisha tukayatia kwenye kikombe cha waragi, na kikombe ndani ya sufuria ya maji moto iliyoepuliwa. Msiache moto karibu, waragi hiyo inaweza kuwaondolea nyusi. Tulingoja, tukabadilisha maji, tukangoja tena. Jani la kahawa ni gumu. Polepole pombe ikageuka kijani na majani yakapauka kama nguo iliyofuliwa miaka mingi. Tukayatandaza kwenye sahani, nikayadondoshea dawa ya vidonda yenye ayodini.

Jani la kwanza likawa jeusi karibu lote. La pili likawa jeusi, lakini kila penye doa la kutu pakabaki kahawia. Afande akainama mpaka pua ikagusa sahani.

"Kwa hiyo," akasema, "nusu inapika nusu."

"Pale penye doa, jiko limezimika," nikasema. "Kuvu limeingia, limekula. Na jani likiona haliwezi tena, linaanguka lote, hata sehemu iliyokuwa bado nzima."

Mama Kavira hakuwa anaangalia katikati ya madoa. Aligusa ukingo wa doa moja kwa ukucha. "Na hii duara nyeusi kuzunguka, inapita zingine kwa weusi, ni nini?"

Sikuwa nimeitarajia. Kumbukumbu yangu ya kitabu cha shule haikuwa na duara.

"Sijui."

"Hujue?"

"Sijui, mama. Labda kuvu linavuta chakula cha jirani kwake. Labda kingine. Sijui."

Akaitikia kwa kichwa. "Bon," akasema. "Sasa njo ninaanza kukusikia."

Kisha akavuta sahani ya jani la tatu. Lile zuri, la kijani, lisilo na ugonjwa. Lilikuwa limebaki la kahawia karibu lote, na kivuli kidogo tu cha weusi pembeni. Yeye ndiye aliyekuwa amelichuma, yeye ndiye aliyejua lilitoka wapi.

"Hii haina kutu," akasema taratibu.

"Haina."

"Na haipike."

"Haipati jua."

Akainuka, akaenda kwa jirani, akarudi na msumeno wake mwenyewe. Ulikuwa na kutu ya kweli, ile ya mabati. Akampa Afande.

Lakini kupogoa hakukutosha, na hapo ndipo pagumu penyewe. Matunda mabichi yalikuwa bado kwenye matawi, mengi kuliko majani. Tunda la kahawa halisubiri, linakula kwanza. Mti wenye majani machache na matunda mengi unatoa akiba ya matawi, kisha ya mizizi, mpaka unakauka kuanzia nchani kuja shinani. Weusi niliouona ndio huo ulikuwa umeanza. Nilimwambia kuna njia moja ninayoijua: kuyatoa matunda yakiwa mabichi, karibu yote, kwenye miti iliyo hoi, ili majani yaliyobaki yaulishe mti.

"Kutupa mavuno."

"Ndiyo."

"Ya Mzee pia. Nusu ni yake."

"Ndiyo."

"Nikifanya hivyo, miti itapona?"

Mngesema nini? Nimewaona wenzetu wakisema ndiyo kwa sauti nzuri, kisha wakipanda pikipiki. "Mingine itapona," nikasema. "Mingine itakufa hata tukifanya. Sijui ni mingapi."

Alikaa kwenye kizingiti. Watoto wake walikuwa shule. Afande alijifanya ananoa msumeno. Mwishowe alikwenda kwenye mti ulio karibu zaidi na mlango, akaanza kuchuma matunda mabichi na kuyaacha yaanguke. Nilimuuliza kwa nini ameanza na huo. Akasema ndio atakaouona kila asubuhi akifungua mlango. Kama amekosea, anataka ujue kumwambia mapema.

Tulifanya kazi siku tatu. Siku ya tatu Mzee Baluku akafika, na fimbo yake na koti lake la mvua. Akayaona matunda mabichi chini. Alianza kwa Lhukonzo, wao wawili lugha yao ni moja, tofauti ni ya mpaka tu. Sikuelewa maneno ila nilielewa vizuri. Kisha akanigeukia kwa Kiswahili ili nisipitwe.

"Binti ya Hajji, hii ni kahawa yangu iko chini. Nani alisema toa?"

"Mimi, Mzee."

"Wewe ulisema chuma ni mbaya. Sasa unasema kahawa ni mbaya."

"Afande," nikasema, nikitafuta msaada.

Afande alikuwa juu ya ngazi. "Mimi napokea amri tu," akasema, bila aibu yoyote.

Mama Kavira hakunitetea wala hakujitetea. Alimwambia Mzee alale chini ya mti uliopogolewa atazame kifua chake. Mzee alikataa kulala. Akasema mvua zikirudi atakuja kuhesabu iliyokufa, na neno lao liko palepale. Akaondoka.

Miezi iliyofuata nilipanda kule kila juma. Sikuwa na cha kufanya, mti hausukumwi. Chama kilikuwa kinaniuliza kwa nini nina ripoti nyingi za shamba moja. Niliandika "ufuatiliaji". Ukweli ni kwamba nilikuwa nalala vibaya. Niliendelea kuuliza maswali ambayo sina majibu yake hata leo: kama tungeacha matunda nusu badala ya kutoa karibu yote? Kama ningetumia neno jingine siku ile, ningesema "unga wa machungwa" tu, bila jina? Nadhani hapo ndipo nilipochoka. Ni uchovu wa kuona kwamba unayemshauri analipa yeye ukikosea, na wewe unarudi nyumbani kula.

Mvua zikarudi. Mzee akatuma neno kwamba atakuja Jumatatu. Nilipanda nikamkuta ameshafika, ametembea mstari wa kwanza.

Alikuwa anahesabu kwa ukucha. Mti ukiwa hauna majani, msiyaamini macho. Kwaruzeni gome la shina. Chini yake pakiwa kijani kibichi, mti uko hai, umelala tu. Pakiwa kahawia na pakavu, basi. Mzee alijua hilo kabla sijazaliwa. Alikwaruza kila mti kwa kidole gumba, akatazama, akasonga. Miti mingi ilikuwa imeshatoa machipukizi mapya, majani madogo yanayong'aa. Hiyo nayo aliikwaruza. Mama Kavira alimfuata hatua tatu nyuma, mikono imeshikana tumboni.

Wa kwanza kufa ulikuwa wa tisa. Akauwekea jiwe. Kisha miwili pamoja karibu na mtaro. Mingine huku na kule. Alipomaliza mstari wa mwisho kulikuwa na mawe saba.

"Saba imekufa," akasema. "Saba inarudi kwa mimi."

"Na ingine?" akauliza Mama Kavira.

"Ingine iko hai."

"Haina matunda."

Mzee alijikuna shavu. Nilijua sasa anaweza kusema lolote. Ni shamba lake, ni mavuno yake yaliyooza chini, na watu wa kijiji wangemwelewa. Alitazama miti thelathini na mitatu, mitupu ya matunda, na majani yake mapya.

"Mimi nilisema mti ikikufa," akasema hatimaye, kama mtu anayekasirishwa na kumbukumbu yake mwenyewe. "Sikusema kitu juu ya mti haina matunda."

Mama Kavira akavuta pumzi moja. Nilidhani atalia, au atapiga magoti kumshukuru, kama ilivyo adabu kwa mtu wa umri ule. Akamwonyesha lile jiwe la karibu, akimwita yayá, yaani kaka mkubwa kwa Kiswahili cha kwao.

"Basi, yayá, ng'oa."

"Nini?"

"Muti ikikufa inarudi kwako. Imerudi. Hizo saba ni zako, ziko mu shamba yangu zinanisumbua. Ng'oa."

Mzee akageuka kunitazama mimi. Nikamwambia mkataba wangu ulikwisha Ijumaa, nimekuja kama mgeni tu.

Akasonya. Akavua koti, akalitundika kwenye mti ulio hai, akaomba jembe. Mzizi wa kahawa iliyokufa ni mkaidi kuliko wa iliyo hai. Unashika udongo kama una deni nao. Baada ya dakika chache nikaweka mkoba wangu chini nikashika upande wa pili. Tulitoa miwili tu kabla ya mvua kutufukuza, tukakimbilia jikoni kwa Mama Kavira, na Mzee alipotazama juu kuona kama panavuja, akamuuliza anataka mabati mangapi.